Kipande Ambacho Mwalimu Hakukifundisha

Alikuwa akifika darasani na viatu mkononi. Nikimkumbuka, hilo ndilo linalonijia kwanza, na sijui kwa nini ni hilo na si jingine lenye uzito zaidi. Mtaa wetu wa kanisa uko mlimani juu ya Maji ya Chai, na mtaa wa pili aliopewa kuufundisha uko juu zaidi, unapokaribia msitu. Mtu wa kawaida alitembea saa mbili kutoka kule hadi kwetu. Yeye alikimbia. Ungemwona anashuka kati ya migomba, peku, kitabu cha mafundisho amekifunga mgongoni kwa kitambaa, viatu vyeusi vinaning'inia kwenye vidole. Akifika kwenye mfereji nyuma ya kanisa ananawa miguu, anajifuta kwa majani makavu ya mgomba, anavaa viatu na kufunga kamba bila haraka, ndipo anaingia. Jasho lilikuwepo, lakini pumzi yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kuamka.

Jina lake sitaliandika. Sisi tulimwita Mwalimu, na wake zetu hivyo hivyo, hata watu wa barabarani wasiosali walimwita hivyo. Ukoo wake pia nauacha. Mimi si msomi, niliishia darasa la nne, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona au niliyoyasikia mwenyewe. Mahali ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Alipewa kazi ya kufundisha kwa sababu ya miguu yake. Mwalimu wa kabla yake alikuwa mzee, macho yamekwisha, na kupanda mpaka mtaa wa juu kulimshinda. Wazee wa kanisa walikaa. Mmoja wao, aliyekuwa na kazi ya kupiga kengele, alisema, "Huyu kijana anasoma vizuri, na tena anakimbia. Jumanne kule, Alhamisi huku. Kuna nini cha kujadili?" Hakukuwa na cha kujadili. Mwaka haukuisha, mzee huyo huyo akawa wa kwanza kulalamika kwamba Mwalimu anakimbia.

Mbio alizokuwa akilalamikia zilikuwa hizi. Wakati huo wa Mwingereza, kila mwaka kahawa ikishavunwa, kulikuwa na mashindano ya kupokezana kijiti kutoka Maji ya Chai mpaka uwanjani mjini Arusha. Kila upande ulitoa watu wanne. Kulikuwa na sisi wa mlimani, Waarusha wa upande wa magharibi, askari polisi, na vibarua wa mashamba ya Wazungu. Mtu wetu wa kwanza alikimbia hadi mtoni Usa, wa pili hadi Tengeru. Wa tatu nilikuwa mimi. Nilikimbia katikati ya mashamba makubwa ya kahawa mpaka kwenye kona moja kabla ya Kijenge, na pale nilimpa kijiti Mwalimu, naye akaenda nacho hadi mwisho. Sikuwa mkimbiaji mzuri sana. Niliwekwa wa tatu kwa sababu sikuwahi kuanguka.

Basi wazee wakamwita. Nilikuwepo, maana nilipeleka ndizi za mkutano.

"Mwalimu," akasema mzee wa kengele, "juzi mke wangu ameyaona mapaja yako pale barabarani. Leo akae hapa mbele yako umfundishe amri za Mungu?"

"Kwani mapaja yake yamemfundisha nini kibaya?" akauliza mzee mwingine, na watu wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Akauliza, "Wazee wangu, nikikimbia na suruali ndefu mtaridhika?"

Wakatazamana. Wakasema wataridhika. Kuanzia siku ile alikimbia na suruali ndefu ya kaki, ameifunga kwenye vifundo vya miguu kwa kamba za mgomba. Hata mazoezini. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukimwambia jambo analitii mpaka unaona aibu wewe uliyemwambia. Pale Kijenge watu walisimama kando ya barabara kumngoja apite.

"Suruali hiyo inakuja! Kimbia, Mwalimu, shetani yuko nyuma!"

"Mwalimu, amri ya ngapi inayosema kimbia?"

"Ya kumi na moja!" aliwajibu mwaka mmoja bila kugeuka, na kicheko kikamfuata mpaka mjini. Alhamisi iliyofuata alisimama mbele ya darasa akaungama kwamba amefanyia mzaha amri za Mungu hadharani. Mke wangu alinisimulia. Alisema macho yake yalikuwa mekundu kweli.

Ufundishaji wake ulitokana na mbio. Wengi wa darasa lile hawakujua kusoma, hivyo ilibidi washike kwa kichwa. Yeye alikata maneno pale ambapo mkimbiaji angevuta pumzi. "Pumzi kwanza, maneno baadaye," alisema, akipiga hatua mahali pamoja, kushoto kulia, nao wakimfuata. Mpaka leo mgeni akija kusali kwetu hushangaa tunavyokariri Imani, maana tunanyamaza mahali ambapo makanisa mengine hayanyamazi. Ni pumzi zake Mwalimu.

Kuchelewa alikuchukia. Jua likigusa nguzo ya mlango, alifunga. Mama mmoja aliwahi kukuta mlango umefungwa, mtoto mgongoni, akasema kwa nje, "Mwalimu, mimi ninayo miguu ya kawaida." Akamjibu kutoka ndani kwa upole, "Basi mama, uanze safari na jua la kawaida." Lakini hakumfungulia. Hapo sikumpenda. Ni haki pia niseme kwamba baada ya darasa alimsindikiza mama yule mpaka kwake, akimfundisha njiani yote aliyoyakosa.

Na alikuwa mkweli kiasi cha kuumiza watu. Mwaka wa kwanza tulipokimbia pamoja, nilipompa kijiti kikamponyoka, na mguu wake ukakipiga kikaruka mbele, hatua kama kumi. Akakiokota kule kilikoangukia akaendelea. Sheria ilisema ukiangusha unarudi kuanzia pale kilipokutoka mkononi. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Akafika wa kwanza. Tulikuwa tumeshaanza kuimba alipomwendea mwamuzi, sajini mmoja wa polisi, akamweleza. Tukanyang'anywa ushindi.

"Umetuua," mwenzetu aliyekimbia wa kwanza akamwambia. "Hatua kumi! Nani alikuona?"

"Mimi nilijiona," akasema.

Kwa muda mrefu nilimheshimu kwa jambo lile kuliko mahubiri yote niliyowahi kuyasikia. Ndiyo sababu lililotokea baadaye sijaweza kulipatia mahali. Nikiliweka upande wa kwanza halikai, nikiliweka upande wa pili halikai.

Hapa inabidi nimtaje mama yangu. Alikaa bila dini mpaka uzeeni. Alisema amechelewa, Mungu mwenyewe atakuwa amechoka kumngoja. Mke wangu, Mama Anaeli, ambaye tayari alikuwa amebatizwa na alikuwa akisoma mafundisho ya kipaimara kwa Mwalimu, ndiye aliyemlainisha. Miguu ya mama haikuweza kufika kanisani, kwa hiyo Mwalimu alikuja kumfundisha nyumbani kila Alhamisi baada ya darasa. Alikaa kwenye kigoda, yeye mama kwenye ngozi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena na maneno yako? Mimi nina meno manne, yote hayo yatapita wapi?"

"Leo ni machache."

"Juma lililopita ulisema hivyo hivyo. Mama Anaeli, mpe loshoro kwanza. Mwenye njaa anafundisha kwa hasira."

Alikula loshoro, ndizi zetu zilizopondwa na maziwa ya mgando, halafu wakaanza. Mama alisahau, akakumbuka, akasahau tena. Mwalimu hakuwahi kumkaripia. Siku aliyoweza sala ya Bwana yote bila kusaidiwa, Mwalimu alisimama akapiga makofi kama mtu wa uwanjani, na mama akasema, "Sasa niwekeni kwenye maji haraka kabla haijanitoka."

Hakutaka jambo jingine. Alitaka abatizwe, na akifa azikwe kwenye makaburi ya kanisa, kengele ipigwe. Alikuwa amezisikia kengele za wengine kwa miaka mingi kutoka uani kwake. Alisema hataki kulala peke yake chini ya migomba huku wenzake wote wako kule. Mchungaji wa usharika alipanga kuja kubatiza na kuwajaribu watu wa kipaimara Jumapili moja. Mbio za mwaka ule zikaangukia Jumamosi, siku moja kabla.

Kuna jambo jingine la kusema ili nisimwonee Mwalimu. Mwanzoni mwa kazi yake aliwahi kuitwa kwa mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti, anaonekana anakufa. Mwalimu akambatiza palepale. Yule mtu akapona, na wiki tatu baadaye akaonekana sokoni amelewa pombe ya ndizi, anawabatiza mbuzi. Wazee wakamlaumu Mwalimu vikali, na mchungaji akamwonya asiwe mwepesi. Tangu hapo akawa mwoga wa haraka. Na sisi watu wa mtaa tukaondoka na fundisho letu wenyewe, la makosa, kwamba mgonjwa anayekufa hubatizwa na Mwalimu peke yake.

Sasa Alhamisi. Ilikuwa wiki mbili kabla ya mbio. Mwaka ule tulikuwa bado hatujafanya mazoezi ya kupokezana sote wanne, na mwenzetu wa pili alikuwa amepata ruhusa ya kazini siku hiyo tu. Nilikwenda kanisani kumchukua Mwalimu. Mlango ulikuwa wazi, joto lilikuwa kali. Mke wangu alikuwa benchi la mbele, mjamzito wa mtoto wetu wa pili, anajipepea kwa khanga.

Darasa lilikuwa likikariri kwa sauti, migongo yao kwangu; nikamwita Mwalimu kwa mkono mpaka mlangoni, nikamwambia chini chini, "Mwalimu, wenzetu wanangoja Tengeru."

Akatazama kitabu. "Bado kipande kimoja cha ubatizo."

"Kipande kimoja hakiozi. Utakifundisha wiki ijayo."

"Wiki ijayo kuna Meza ya Bwana, ndefu."

"Basi utakiingiza popote. Jua linatuacha, Mwalimu."

Hayo ni maneno yangu, nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Akarudi mbele. Akawaambia wanafunzi wakariri amri kumi mara tatu, wakimaliza waende nyumbani. Akavua viatu. Tukashuka mbio, na njiani alikuwa na furaha, nami nilikuwa na furaha. Tulipokezana vizuri siku ile. Kijiti kilitoka mkononi mwangu kikaingia mkononi mwake bila mimi kusikia kimeondoka.

Kipande alichokiacha kilikuwa kifupi. Kinasema kwamba mtu akiwa karibu kufa na hakuna mchungaji wala mwalimu, Mkristo yeyote, mwanamume au mwanamke, aweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Mungu, na ubatizo huo ni kamili.

Wiki iliyofuata alifundisha Meza ya Bwana. Kipande kile hakikuingizwa popote. Kwenye daftari la masomo, karani wa usharika alipopita kulikagua, Mwalimu alikuwa ameandika kwamba sura yote ya ubatizo imefundishwa. Sijui kama aliandika kwa kusudi au mkono ulienda wenyewe kama unavyoenda mstari kwa mstari. Nimemtafutia udhuru huo mara nyingi. Hata yeye sidhani anaukubali.

Jumamosi asubuhi alipita kwetu tushuke pamoja. Mama alikuwa na homa tangu jana yake.

"Mwalimu, leo mama si mzima," mke wangu akasema.

Akaingia, akamshika paji la uso, akasali. Kisha akasimama pale na mkono wake juu ya kibuyu cha maji kilichokuwa kando ya kitanda, na nilimwona anafikiri. Nadhani angembatiza. Nadhani pia alimkumbuka mlevi na mbuzi wake. Akanitazama mimi. Mimi nikasema, "Ni homa ya baridi tu. Kesho mchungaji yuko hapa." Sikuwa mganga wala mwalimu, sijui nilisema kwa mamlaka gani.

Mama mwenyewe akasema, "Nendeni mkakimbie. Mkirudi mtanikuta."

Tukaenda. Tulishinda. Nalazimika kuandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu walimbeba Mwalimu na suruali yake mpaka katikati ya uwanja, na Bwana DC alitupa mkono sote wanne.

Yaliyokuwa yakitokea nyumbani niliambiwa na mke wangu. Jua lilipopita utosini mama alianza kukata pumzi. Akamwomba, "Nipe yale maji ya Mwalimu." Mke wangu akamwambia, "Mwalimu hajafika, mama. Vumilia kidogo." Akatoka hadi ukingoni mwa njia kutazama. Akarudi. Mama akauliza, "Amefika?" Akatoka tena, akatuma jirani aende mtaa wa juu kumtafuta mzee wa kanisa, na mzee alikuwa Kijenge, kando ya barabara, anatushangilia. Kibuyu kilikuwa kimejaa. Alikishika mkononi muda wote ili Mwalimu akifika asipoteze muda kukitafuta. Alimlowesha mama midomo kwa kitambaa, kwa sababu hilo alijua linaruhusiwa. Mara ya nne aliporudi kutoka njiani mama alikuwa amekwisha.

Jumapili mchungaji alikuja. Tulikwenda kwake kuomba kaburi, mimi, mke wangu, Mwalimu na wazee. Alisikiliza mpaka mwisho, mtu mpole, akamgeukia mke wangu.

"Mama, wewe umebatizwa?"

"Ndiyo, Mchungaji."

"Na maji yalikuwepo?"

"Nilikuwa nayo mkononi."

"Sasa mbona hukumbatiza?"

Mke wangu akamtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ya mbali. "Mimi?" akasema. "Mimi, mwanamke?"

Mchungaji akaona wanafunzi wengine wamesimama nje. Akawauliza nani aweza kubatiza mtu anayekufa. Wengi hawakujua. Wasichana wawili, waliokuwa wamefundishwa nyumbani na baba zao wazee wa kanisa, wakajibu sawasawa. Akamgeukia Mwalimu. "Hili ulilifundisha?"

Ulipita muda wa kuvuta pumzi mara moja. Mwalimu akasema, "Nililifundisha."

Mke wangu akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi nilisinzia. Siku hizi nasinzia sana, ni hii mimba. Nisameheni." Na mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, bega kwa bega, mimi niliyekuwa mlangoni Alhamisi ile, na sikusema neno. Nilijiambia nitasema tukifika nyumbani. Tulipofika nyumbani nilijiambia nitasema baada ya maziko.

Tulimzika mama chini ya migomba. Kengele haikupigwa. Mke wangu alirudishwa nyuma mwaka mzima kwa kutosikiliza mafundisho, na mtoto alipozaliwa alikwenda darasani naye mgongoni. Mwaka uliofuata aliulizwa swali lile lile, akalijibu kwa sauti iliyofika barabarani. Lakini alikuwa ameacha kuyaamini masikio yake. Ukimwambia neno anakuuliza tena, "Umesemaje?" ingawa amesikia. Kanisani hakukaa tena. Alisimama ukutani nyuma ibada nzima, miaka yote, ili usingizi usimkute. Wenzake walimtania mwanzoni. "Mama Anaeli, benchi lina siafu?" Baadaye walizoea. Mimi nilikaa upande wa wanaume na sikuzoea, ila sikusema.

Kuhusu Mwalimu baada ya hapo, nimwandikie haki yake. Hakukimbia tena mashindano. Alitembea kati ya mitaa miwili saa mbili kamili kama mtu mwingine, na kila darasa jipya alilianza kwa kipande kile, hata kabla ya amri ya kwanza. Watu walishangaa. Hakuna mwalimu aliyefundisha vizuri kuliko yeye miaka ile minne. Mlango aliacha kuufunga. Kisha siku moja akawaambia wazee ameomba kuondoka, akaenda mjini, na sikumwona tena kwa miaka sita. Nami niseme ukweli wangu: alipoondoka nilishusha pumzi.

Nilimkuta Kaloleni. Nilikuwa nimepeleka ndizi mjini, nikamwona kwenye baraza la duka la nafaka la Mhindi mmoja, anapokea magunia. Nilimjua kwa mgongo. Alipogeuka akatembea niliona nyonga yake moja imekufa, anaivuta. Alikuwa bado kijana kwa miaka lakini uso ulikuwa umezeeka.

Hatukusalimiana kwa kirefu. Akauliza, "Umemwambia?"

Sikuuliza nani wala nini. "Bado."

"Miaka kumi, Baba Anaeli?"

"Na wewe?"

"Nilingoja wewe uanze. Wewe ndiye mumewe."

"Mimi nilingoja wewe. Wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wake."

Akakaa juu ya gunia. Akasema, "Nilipoulizwa na mchungaji nilitaka kusema. Nikawaona wazee. Nikasema moyoni, nikikubali hili wataniondoa, na mtaa wa juu hawana mtu. Ni kweli hawakuwa na mtu. Lakini si hilo tu. Nilikuwa nimetoka kubebwa uwanjani jana yake." Kisha akauliza, "Anasimama bado?"

"Anasimama."

"Nilijua. Kila mtu wa kule anayepita hapa ninamuuliza, na wote wanasema yule mama bado anasimama."

Tukakubaliana twende kwake pamoja, na siku mbili baadaye alipata ruhusa dukani tukapanda basi mpaka Maji ya Chai. Kutoka pale tulipanda kwa miguu. Nilitangulia, nikasimama kumngoja, nikatangulia tena. Niliwaza niombe turudi, kwamba jambo limepoa, kwamba tutaamsha maumivu bure. Nilifikiria hata kusema mke wangu hayupo. Sikusema, lakini si kwa ushujaa. Nilikosa tu mahali pa kulianzia.

Mke wangu alikuwa uani anamenya ndizi. Akasimama alipomwona. "Mwalimu! Umepotea! Karibu, karibu, umefanya nini mguu?"

Mwalimu hakukaa. Akasema yote akiwa amesimama, na alisema kwa mpangilio, kama kazi yake ilivyomzoeza. Akaanza na Alhamisi, kipande, daftari, mpaka swali la mchungaji na jibu lake. Jina langu hakulitaja. Alisema, "Niliitwa mazoezini nikaenda."

Mke wangu alibaki na kisu na ndizi moja iliyomenywa nusu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi hakuuliza, "Umesemaje?"

"Kwa hiyo sikusinzia," akasema.

"Hukusinzia, Mama Anaeli. Ulikuwa macho. Halikufundishwa."

"Nilikuwa macho." Akaketi chini polepole. Alitazama upande wa migomba, halafu akanitazama mimi. "Aliitwa na nani?"

Mwalimu akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema, "Mimi. Nilikuwa mlangoni. Wewe ulikuwa benchi la mbele, unajipepea."

"Kwa hiyo uliniona niko macho."

"Nilikuona."

Hakulia wala hakupaza sauti. Nilingoja anitukane, ningefurahi. Alimaliza kumenya ile ndizi, akaitia kwenye chungu, akanawa mikono. Akaleta kigoda, akakifuta kwa khanga yake, akakiweka mbele ya Mwalimu.

"Wewe umekuja," akamwambia. "Kaa, mguu upumzike. Utakula."

Mwalimu akakaa, akaficha uso kwa mikono yake. Mke wangu akaingia jikoni na moshi ukaanza kutoka. Mimi nilibaki nimesimama pale uani, nyumbani kwangu mwenyewe, nikingoja kukaribishwa.